Kalamu au Kipanya? Shauri la Mafundi wa Picha wa Nyeri

Nyeri mwezi wa Julai si mahali pa kwenda na kanzu moja. Nilikwenda huko kwa akika ya mtoto wa mpwa wangu, aliyeolewa mtaa wa Majengo, na ndani ya mkoba wangu nilikuwa nimetia bahasha yenye picha moja kongwe. Ni picha ya marehemu bibi yangu, mama mzaa baba, iliyopigwa Mombasa katika miaka ya sitini. Picha hiyo imeliwa na unyevu wa pwani. Ukungu umeota pembeni, mkunjo umeipasua katikati, na upande mmoja wa mdomo umebanduka na karatasi yake. Nilikwisha ipeleka kwenye duka moja huku kwetu, nikarudishiwa sura ya mwanamke nisiyemjua. Habari hiyo nitaieleza mbele.

Mpwa wangu alipoiona akasema, "Mjomba, hapa mjini wako mafundi. Kila wiki wanatengeneza picha za marehemu." Nami nikafuata.

Yafaa nimweleze msomaji wa pwani jambo hili kwanza. Sisi maiti wetu humzika upesi, pengine siku ile ile, wala hatuna desturi ya kumchapishia kitabu. Wenzetu wa miji ya Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hata Kerugoya, Embu, Meru na Nanyuki, aghalabu hukaa siku kadhaa kabla ya kuzika, na katika siku hizo huchapisha kijitabu cha rangi chenye taratibu za mazishi, wasifu wa marehemu na picha zake tangu ujana. Walakini mzee aliyezaliwa zamani huenda ana picha mbili tu duniani: ile ya kitambulisho na ile ya harusi ya mwanawe, ambamo amesimama nyuma ya watu. Hizo ndizo zinazoletwa dukani, zimekunjwa, zimechujuka, zina alama ya mhuri juu ya paji la uso, na mazishi ni keshokutwa. Ongeza hapo picha za arusi, za mahafali ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na cha Karatina, na za wagombea wakati wa uchaguzi. Basi fundi wa picha katika miji hii hapungukiwi na kazi, ijapokuwa simu za mkononi zimemnyang'anya ile kazi ya kupiga picha yenyewe. Mkate wake wa leo uko katika kutengeneza.

UGOMVI WA DUKANI

Niliingia duka dogo, kompyuta mbili, mashine ya kuchapia moja. Mwenye duka ni mama mmoja wa makamo. Vijana wake wawili walikuwa wamekaa bega kwa bega, mmoja ameshika kipanya, yaani kile kidude cha mezani cha kuongozea kompyuta. Wa pili ameshika kalamu isiyokuwa na wino, anaandika juu ya kibao cheusi kilicho laini, na anachokiandika kinatokea kwenye kioo cha kompyuta. Kibao hicho kisichanganywe na ile simu kubwa iitwayo tableti. Hiki hakina picha ndani yake wala hakipigi simu. Kazi yake ni kupokea mwendo wa kalamu tu. Mimi nitakiita ubao wa kalamu.

Ubao ule kijana aliununua kwa fedha yake. Mwenziwe alikuwa akimwomba mama wanunuliwe wa pili, na mama alikuwa amekataa kata kata. "Kipanya kimetulisha miaka kumi," alisema. "Mchagua jembe si mkulima."

Methali hiyo twaijua sote, na ina ukweli wake. Mvivu hachoki kutafuta jembe zuri hali shamba limeota magugu. Lakini nilipokaa pale saa mbili nikitazama kazi, nikaona kwamba shauri hili halimalizwi kwa methali moja. Lina mambo matatu ndani yake: mkono, fedha na amana. Nayataja kwa utaratibu huo.

MKONO ULIANZA ZAMANI

Kwanza tukumbuke ya kwamba kutengeneza picha kwa mkono si uzushi wa kompyuta. Mafundi wa zamani walikuwa wakichonga penseli hata ikawa kama sindano, wakaweka negativu juu ya kioo chenye mwanga nyuma, wakajaza makunyanzi na madoa nukta kwa nukta. Wengine wakipaka rangi kwa brashi juu ya picha nyeusi na nyeupe, mashavu mekundu na kanga ya manjano. Unguja tuna studio ya Capital Art, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Na Lamu tulikuwa na marehemu Omar Said Bakor, aliyekata picha kwa makasi na kuzibandika upya mpaka mtu akaonekana yumo ndani ya ua. Watu hao walikuwa na mkono, na uzito wa mkono ndio uliokuwa ujuzi wao.

Kipanya kikaja kwa njia nyingine kabisa. Douglas Engelbart na mwenziwe Bill English walikitengeneza Marekani katika miaka ya sitini, cha kwanza kikiwa cha mbao, na tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart akakionyesha hadharani mjini San Francisco. Makusudi yake yalikuwa kumwezesha mtu kuonyesha mahali fulani kwenye kioo na kuchagua neno au alama. Kwa kazi hiyo hakina mpinzani mpaka leo. Kuchora hakikukusudiwa. Basi mwaka 1990 programu ya Photoshop, iliyoandikwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilipoanza kuuzwa na kampuni ya Adobe, mafundi wa picha ulimwenguni waliikuta kompyuta ina kipanya pembeni, wakakitumia kwa kuwa ndicho kilichokuwapo.

Na huo ubao wa kalamu je? Wengi hudhani ni kitu cha juzi. Sivyo. Shirika la RAND la Marekani lilikuwa na ubao wa namna hii mwaka 1964, na kampuni ya Wacom ya Japani, ambayo jina lake limekuwa kama jina la chombo chenyewe, iliundwa mwaka 1983. Ulikuwa ghali, kwa hiyo ulikaa kwa wachoraji wa nchi kubwa. Jambo jipya ni kwamba sasa kampuni za China kama Huion na XP-Pen zimeutengeneza kwa bei ambayo kijana wa Karatina aweza kuidunduliza.

Tofauti ya vyombo hivi viwili ni hii. Kitufe cha kipanya kina hali mbili tu, kimebonyezwa au hakikubonyezwa. Ukipaka kivuli kwa kipanya, mstari wote una uzito mmoja toka mwanzo hata mwisho, na ukitaka upungue lazima usimame, uende kwenye vipimo, upunguze, urudi. Kalamu husikia mkandamizo. Ukiigusa kwa wepesi hutoa kivuli chepesi, ukikaza hutoa kizito, na ukiinua polepole mstari hufifia wenyewe. Ndani ya ubao mna nyaya zilizopangwa kama wavu, zinazotoa mawimbi ya sumaku-umeme. Ndani ya kalamu mna koili inayoyajibu. Kwa jibu hilo ubao hujua kalamu iko wapi na imekazwa kiasi gani, na ndiyo sababu kalamu nyingi za leo hazina haja ya betri.

Tena kipanya hujua mwendo tu, hakijui mahali. Ukifika ukingo wa meza wakiinua, wakirudisha nyuma, waanza tena. Juu ya ubao kila nukta ina nukta yake kwenye kioo, pembe kwa pembe. Sisi tuliosoma chuoni juu ya ubao wa mti kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, jambo hilo hatuhitaji kufunzwa mara mbili. Mkono huzoea mahali pa kila herufi hata jicho likiwa kwa mwalimu.

Niliwatazama vijana wale wakifanya kazi moja kila mtu kwa chombo chake: nywele za bibi arusi zilizotakiwa kutengwa na ukuta ulio nyuma yake. Wa kipanya alibofya, akabofya, akabofya, na mwishowe nywele zikawa na ukingo kama kofia. Wa kalamu alizifuata nywele kwa mikato mifupi, moja moja, zikabaki nywele. Kisha wakaja kwenye kazi ya kupanga maneno ya kijitabu, kukata picha zilingane, kubadili mwanga wa picha mia za sherehe na kutia mandhari nyeupe nyuma ya picha za pasipoti. Hapo wa kipanya alimwacha mwenziwe mbali, na wa kalamu mwenyewe akaiweka kalamu chini, akashika kipanya.

Nadhani hapo ndipo penye jibu la nusu ya kwanza. Mpiga picha wa Nanyuki anayewapiga wageni kwenye kibao cha Ikweta, au anayerudi kutoka Ol Pejeta na picha mia tano za wanyama, kazi yake ni kuchagua na kusawazisha mwanga. Huyo kipanya kinamtosha, wala asidanganywe na mtu. Lakini fundi ambaye kutwa yake ni nyuso, mikunjo, nywele na picha za kale zilizochanika, huyo kalamu si pambo kwake.

FEDHA

Sasa fedha. Ubao mdogo bei yake ni mara kadhaa ya kipanya cha kawaida, na mama mwenye duka ana kodi ya pango, stima na mishahara. Hakukosea kuuliza faida. Ila alikosea, kwa maoni yangu, kuhesabu bei peke yake bila kuhesabu saa. Picha inayochukua asubuhi nzima ikichukua nusu ya asubuhi, nusu ile ya pili ni mali. Halafu kuna mwili wa mfanyakazi. Yule kijana wa kipanya alikuwa amefunga kitambaa kifundoni, akaniambia jioni mkono humuuma hata kushika kikombe. Kalamu si dawa, na mwenye maumivu aende kwa daktari. Walakini mkono ulioshika kalamu hukaa ubavu, kama ulivyozoea kukaa tangu utotoni, na mtu akibadilisha vyombo viwili kutwa hauchoshi mshipa mmoja tu.

Kwa wale waliokwisha kata shauri la kununua, nawapa niliyoyaokota kwa mafundi.

Usivutwe na tarakimu. Mbao za leo hujisifu kwa ngazi 4,096 au 8,192 za mkandamizo. Mkono wa mwanadamu hauwezi kuzitenga ngazi zote hizo, kwa hiyo ngazi zaidi si sababu ya kulipa zaidi.

Tazama ukubwa wa mahali pa kuandikia, si ukubwa wa ubao wote. Kwa kutengeneza picha, mahali pa sentimita 15 kwa 10 hivi panatosha, na meza nyingi za maduka haya hazina nafasi ya zaidi. Lakini umbo lake lilingane na umbo la kioo chako, au mduara utakaochora utatokea yai.

Hakikisha ncha za kalamu zaweza kununuliwa mbali, kwa kuwa huchakaa kama soli ya kiatu. Hakikisha pia programu ya kuendeshea ubao inapatana na kompyuta yako kabla hujatoka dukani, hasa kama kompyuta ni ya kale. Ubao wenye kioo ndani yake, unaoandika juu ya picha yenyewe, ni mzuri lakini bei yake ni nyingine, anayeanza hauhitaji. Na tangu 2013 Adobe walipoacha kuuza programu zao mpya kwa malipo ya mara moja, wakaanza kuzikodisha kwa mwezi, wengi wamehamia GIMP na Krita, ambazo ni bure na zinaijua kalamu vizuri.

La mwisho, subira. Siku za kwanza mkono hupotea, kwa kuwa jicho liko kwenye kioo na mkono uko mezani. Wengi huutupa ubao kabatini juma la kwanza. Asiyekuwa na nia ya kuvumilia majuma mawili au matatu asinunue, akae na kipanya chake, na methali ya mama itakuwa imemhusu yeye.

AMANA

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Kuna anayesema ugomvi wa kalamu na kipanya umepitwa na wakati, kwa sababu mashine yenyewe sasa inatengeneza. Kweli, tangu mwaka 2023 Photoshop ina uwezo wa kujaza sehemu iliyokosekana ya picha kwa amri ya maneno, na programu nyingine za simu hufanya vivyo hivyo. Picha iliyochanika hurudi nzima kwa dakika moja. Wa nini basi ubao?

Nilitaja kwamba picha ya bibi yangu niliipeleka kwenye duka moja huku kwetu. Huko walitumia njia hiyo ya dakika moja. Nikarudishiwa mwanamke mzuri, anang'aa, anatabasamu kwa meno meupe pe. Bibi yangu alitafuna tambuu umri wake wote. Kisha nikatazama pua, kipini hakipo. Ile nukta ndogo ubavuni mwa pua, mashine iliidhania uchafu wa karatasi, ikaifuta. Haikumwuliza mtu. Nami nilipolalamika, yule aliyenihudumia alistaajabu, maana kwake picha ilikuwa imependeza kuliko ya kwanza. Na kwa kupendeza ilikuwa imependeza. Ila hakuwa bibi yangu.

Nyeri, yule kijana wa kalamu aliikuza picha, akaanza kufuta ukungu kidogo kidogo kuanzia pembeni. Alipofika usoni akasimama. "Mzee," akaniuliza, "hii nukta kwa pua ni ya picha ama ni yake? Niitoe?"

Kijana wa mlimani, hajapata kuona kipini cha bibi wa Kiswahili. Lakini aliuliza. Kwa nini aliuliza? Kwa sababu mkono wake ulikuwa unapita pale polepole, kila nukta ilimtaka akate shauri. Mashine ilijibu bila kuulizwa. Mkono uliuliza kabla ya kujibu. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa kwa kalamu, kuliko mkandamizo na kuliko saa.

Tusiseme ni jambo la nyumba moja tu. Katika mji huu wa Nyeri kuna picha ijulikanayo Kenya nzima: Dedan Kimathi baada ya kukamatwa Oktoba 1956, amelazwa, mikono imetiwa pingu. Miezi michache baadaye, tarehe 18 Februari 1957, alinyongwa. Picha hiyo imechapishwa vitabuni na fulanani, imechorwa na kuchorwa tena. Leo mtoto mwenye simu aweza kuziondoa zile pingu kwa kugusa mara moja, na picha itakuwa safi zaidi, tena itapendeza ukutani. Lakini pingu ndizo habari yenyewe. Akija mjukuu asiyeiona ya asili, ataambiwa nini?

Wala simtakasi mwenye kalamu. Kalamu inaweza kusema uongo kwa ustadi kuliko kipanya. Wateja wa bara na wa pwani sawasawa huja na ombi lile lile, "Nifanye mweupe kidogo," na fundi mwenye njaa humfanya mweupe mpaka mama yake hamtambui. Hapo chombo hakina lawama. Picha ya maiti ni kama amana, mwenyewe hawezi kusimama akasema, "Mimi sikuwa hivyo." Anayeigusa amemshuhudilia mtu asiyeweza kujitetea, basi na ashuhudie kweli.

Kwa hiyo nawashauri mafundi wa Nyeri na wenzao wa Mombasa mambo matatu yasiyogharimu hata senti. Picha ya kale ikiisha kupita kwenye skana, nakala ya kwanza iwekwe kando isiguswe kamwe. Kabla ya kufuta alama yoyote usoni, aulizwe mwenye picha: kovu, chale, kipini, pengo la jino. Na palipojazwa kwa kubuni, mteja aambiwe.

Ule upande wa mdomo uliobanduka, kijana hakuubuni. Aliuchukua upande uliosalia, akaugeuza, kisha akaulainisha kwa kalamu mpaka midomo ikakutana, imefumba kama ilivyokuwa. Ilimchukua alasiri yote. Tabasamu hakulitia. Nilipolipa nilimwomba aandike nyuma ya picha, kwa kalamu ya wino hii ya kawaida, tarehe na maneno haya: upande wa kushoto wa mdomo umetengenezwa. Akaandika.

Mama mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote. Alipoiona picha imetoka hakunena kitu juu ya ubao wa pili, wala mimi sikumsukuma. Fedha ni yake. Aliinama tu akaitazama, akauliza kile kipini kilikuwa cha dhahabu au cha fedha. Nikamjibu cha dhahabu, na kwamba sasa anakivaa dada yangu.